Mwiko wa Moto Shingoni

Siku niliyompiga kinyozi, majirani wote wa Utemini walijua kwamba shingo yangu imekaza. Duka lake na langu yanagawana ukuta mmoja. Mimi nachapa barua, mitihani na katiba za vikundi. Yeye ananyoa, na akishanyoa anamkanda mteja kichwa, anamshika taya, anaivuta pembeni ghafla, na shingo inalia ka! Wanaume hutoka pale wanacheka peke yao. Mimi kwa wiki kadhaa nilikuwa siwezi kugeuka. Mtu akiniita kutoka mlangoni, nilizunguka mwili mzima kama fisi. Nikaenda nikakaa kwenye kiti chake.

"Legeza shingo, dada," akasema.

Nikamwambia nimelegeza. Uongo mtupu, maana hata sikujua shingo inalegezwaje. Alipovuta, kitu kilipasuka nyuma ya sikio, moto ukashuka begani mpaka kwenye vidole, na kabla sijafikiri lolote nikamzaba kofi. Mashine ya kunyolea ilimtoka mkononi ikapasuka sakafuni.

"Dada, umenionea," akasema, ameshika shavu.

Sikumwomba radhi. Nilikuwa na hasira na kila kiumbe ambacho shingo yake inageuka.

Wala haikuanza kwake. Kabla ya hapo niliitupa kibodi ukutani mbele ya mwalimu aliyeleta mtihani, kwa kosa la kuniambia nifanye haraka kidogo. Nilikuwa nafanya haraka kadiri nilivyoweza. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi, vinagusa herufi nisizozitaka, na nilikuwa nafuta zaidi ya ninavyoandika. Kazi yangu ni vidole. Vikifa, nafunga duka narudi kijijini kwetu Ihanja kulima alizeti, na jembe nalo linataka vidole hivyo hivyo. Hilo ndilo lililokuwa likinipandisha hasira tangu asubuhi, na hakuna aliyeuliza.

Hospitali nilimkuta mtaalamu wa viungo, kijana mpole. Akaniambia nikae kama ninavyokaa kazini. Nikakaa. Nikamweleza kwamba kompyuta yangu iko juu ya meza ya cherehani, chini kabisa, kiti ni cha plastiki kilichopinda, na simu huwa naibana kati ya sikio na bega huku nachapa anachonisomea mteja. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akanifundisha: kioo cha kompyuta kiwe usawa wa macho, nyayo zikanyage chini zote, kidevu kirudi nyuma kama mtoto anayekataa dawa, nisimame kila baada ya muda, nijikande kwa kitambaa cha moto. Na shingo asinivunje mtu tena.

Halafu akapita nyuma yangu ili anipime kwa vidole. Hakuwa hata amenigusa.

"Dada, mabega yako yanapanda hata meza haipo. Unaogopa nini?"

"Siogopi kitu," nikamjibu kwa ukali, naye hakuuliza tena.

Nilifanya yote aliyosema. Kioo nikakiinua juu ya maboksi ya karatasi, nikanunua kiti cha mbao chenye mgongo ulionyooka. Kichwa kikaacha kuuma, nashukuru. Lakini upande wa kulia, kutoka sikioni mpaka begani, ulibaki mgumu kama kamba ya kufungia ng'ombe, na vidole vikabaki na ganzi yao. Kitambaa cha moto kinataka mtu wa kukushikia, na mimi naishi peke yangu kwenye chumba cha nyuma ya duka.

Mama alisikia, akaja na chupa ya mafuta ya kondoo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hebu geuka nikuone."

Nikageuka mwili mzima.

"Ee! Hata maksai aliyelima tangu masika ana shingo laini kuliko hiyo."

Ilikuwa Jumapili mchana. Alisonga ugali kwenye jiko la mkaa, akaniambia nikae kwenye kigoda, nimpe mgongo, niangalie ukuta. Kwetu shingo iliyokaza hukandwa kwa mwiko. Ugali ukiiva, mwiko unatolewa ukiwa bado na moto wa sufuria, unafutwa, unapakwa mafuta, unakandamizwa shingoni. Nimeona watu wengi wakipona hivyo. Nilikuwa tayari kabisa. Nikausikia mwiko ukigongwa kwenye ukingo wa sufuria kudondosha ugali, ko, ko, halafu nikasikia nyayo zake nyuma yangu.

Sijui nilivyoinuka. Najua kiwiko changu kilimpata mdomoni, kigoda kikaenda ukutani, mwiko ukaruka. Nilipomgeukia, mama yangu mzazi alikuwa ameshika mdomo na damu inapita katikati ya vidole vyake. Ngumi yangu ilikuwa juu.

Niseme kuhusu mwiko. Kwetu mtoto wa kiume hapigwi na mwiko. Ni marufuku, wanasema ataharibika uanaume wake. Kaka zangu walichapwa fimbo, uwanjani, wakiwa na nafasi ya kukimbia. Mwiko ulikuwa wangu peke yangu. Nilikuwa nawekwa shambani kuamia ndege wasimalize mtama, nimekaa juu ya kichanja, nina debe la kugonga, na chini ya kanga nina kitabu. Shingo ikiinama kwenye kitabu, kundi linashuka. Mama alikuwa akiona kutoka jikoni ndege wanavyotua, anakuja na alichoshika. Njia ya kutoka nyumbani ilipita nyuma yangu. Sikuwahi kumwona akifika.

"Inua kichwa! Ndege wanakula mtama, wewe unakula karatasi!"

Alipiga palepale, kwenye kisogo na chini yake. Mwaka mmoja ndege walimaliza shamba, tukala mlenda bila ugali, na mwaka huo alinipiga mpaka mwiko ukavunjika vipande viwili, akachonga mwingine. "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe," alikuwa akisema huku anapiga. Kitabu sikuacha. Nilichojifunza ni kusoma huku mabega yamepanda mpaka masikioni na sikio moja liko nyuma. Nimekaa hivyo shuleni, nimekaa hivyo chuoni, nimekaa hivyo kwenye kila meza niliyowahi kupewa.

"Unataka kunipiga?" mama akauliza.

Sikumjibu, kwa sababu nilitaka.

Yeye wala hakuitazama ngumi. Alitazama mabega. Aliyatazama muda mrefu, damu inamdondokea kifuani, kisha macho yake yakashuka sakafuni ulipolala mwiko.

"Ni huu?"

"Ndiyo, mama. Ni huo."

Akauokota. Nikarudi nyuma hatua moja, mwanamke mzima na duka langu. Akaipua sufuria, akausukuma mwiko ndani ya makaa mpaka ukashika moto, na mafuta ya kondoo yakatoa moshi uliojaa chumba. Akauangalia unavyoungua. Hakuniomba msamaha, kwetu mzazi haombi. Alikiinua kigoda, akakigeuza, akavuta cha pili akakiweka mbele yake.

"Kaa. Unitazame."

Tukakaa magoti yamegusana. Akafuta mdomo kwa pindo la kanga, akamimina mafuta viganjani, akanyoosha mikono ikazunguka shingo yangu kutokea mbele, mahali nilipoweza kuiona inakuja. Vidole vile vimelima miaka yote, havijui kubembeleza. Vilizama mpaka kwenye mfupa. Nilimchukia wakati ule, na nilikuwa naogopa asije akaiondoa mikono.

"Shusha mabega."

"Nimeshusha."

"Hujashusha. Shusha, mwanangu. Ndege walishaondoka."

Kitu kikaachia. Kilianzia chini ya sikio, kikashuka begani, kikapita kwenye mkono, vidole vyangu viwili vikawaka kama vimeingizwa kwenye upupu, nami nikapiga ukelele ambao sikuwahi kuupiga kule shambani. Nikalia kwa sauti, nikamshika viwiko, nikamtukana, nikamwita mama. Yeye hakuacha kukanda. Hakuwahi kuchelea kulia kwangu, na bado siku ile na yeye alilia, machozi yanachanganyika na damu ya mdomoni.

Mlango ukagongwa kwa ngumi mpaka komeo likacheza. Ilikuwa sauti ya yule kinyozi.

"Dada! Nani anakupiga humo? Fungua, la sivyo navunja!"

"Hapigwi mtu," mama akamjibu, hakuniachia. "Nenda, baba."

Nikageuka kuutazama mlango. Iligeuka shingo peke yake, mwili ukabaki mikononi mwake.