Mama Mkasi na Ukurasa wa Ijumaa

Mama Mkasi hakuwa mtu wa kukubali haraka, na waliofanya naye kazi kwenye lile gazeti walilijua hilo kabla hawajalijua jina lake halisi. Jina la Mkasi alipewa enzi za karatasi, alipokuwa akikata habari kwenye magazeti kumi na mawili kila asubuhi na kuzibandika kwenye majalada, mkasi ukining'inia shingoni kwa utepe mweusi. Siku hizi magazeti ya karatasi yamebaki mawili, na moja ni la kwao wenyewe. Kazi yake sasa ni kuhifadhi kurasa za mtandao: matangazo ya ofisi, hotuba, orodha za majina, habari za mahakamani, na yale yote ambayo wenye tovuti huyaweka leo wakayajutia kesho. Kurasa elfu kumi na tisa zimo kwenye kompyuta moja kuukuu chini ya meza yake. Ukimwuliza iko wapi hii au ile, hatafuti mara mbili.

Chumba chenyewe kipo chini kabisa, mlango wake unatazama barabara, kwa sababu mwanzilishi wa gazeti alitaka hivyo. Mtu yeyote anaingia, anajaza fomu, anapewa nakala ya anachokitaka, na nakala hiyo inatiwa muhuri, tarehe na sahihi ya mtunza maktaba. Hakuna kuulizwa unaitakia nini. Wafanyakazi wa ghorofani wanakiita chumba hicho stoo, na Mama Mkasi akimsikia mmoja wao humwomba, kwa adabu zote, aende stoo ya kweli akamletee ufagio.

Chokochoko zilianza siku Mhariri aliposhuka na karatasi mkononi. Kwa umri alikuwa sawa na kitinda mimba wa Mama Mkasi, na alipoanza kazi pale ni mama huyohuyo aliyemwonyesha namna ya kushika gundi bila kujibandika vidole. Alisema gazeti linataka kwenda na wakati. Programu ya zamani ya kuhifadhia kurasa itatupwa pamoja na ile kompyuta yake, na ziko programu tatu mpya za kulinganishwa. Mama azijaribu kwa wiki moja, azipe alama, atie sahihi, basi.

Kilichomchefua Mama Mkasi ni kwamba alama zilikuwa zimeshajazwa kwa penseli. Programu ya kwanza ilikuwa imepewa tisa kwa kumi kila mstari, nyingine mbili zimebebeshwa nne na tatu. Alimwuliza Mhariri ni mtihani gani huo unaoletwa na majibu yake. Mhariri akacheka, akasema huo ni mwongozo tu. Yule mama hakucheka.

Alizijaribu kweli, maana hakuwa mtu wa kuhukumu asichokishika. Siku ya pili tu zilikuwa zimeshapata majina. Ile ya kwanza, kipenzi cha ghorofani, aliiita Bibi Harusi. Ilikuwa imejipamba: kila ukurasa ulikaa kwenye kisanduku chake na picha nzuri juu, na yenyewe ilijua hii ni afya, hii ni michezo, hii ni siasa, ukiacha mara moja ilipoweka tangazo la msiba kwenye mapishi. Ila ulipoifunua shela ulikuta haikuhifadhi ukurasa wowote. Ilihifadhi anwani yake tu, na kila ukibofya ilikwenda mtandaoni kuuchukua upya.

Ya pili aliiita Baba Mwenye Nyumba. Hiyo ilihifadhi vizuri, lakini kila kitu kilikaa kwake huko mbali, na funguo ni zake. Ya tatu ilikuwa Punda. Ilikuwa mbaya kwa sura, ya polepole, haina picha wala rangi, na ilikutaka uandike mwenyewe ukurasa huu unahusu nini. Lakini ilibeba ukurasa mzima, na maandishi, na picha, na matangazo ya sabuni pembeni, na ile saa iliyoandikwa juu, ikaushusha kwenye kompyuta yako mwenyewe na kuuacha hapo.

Mtu mwingine angewaambia wakubwa wanachotaka kusikia, akasubiri kustaafu. Mama Mkasi alikuwa amebakiza mwaka mmoja. Lakini alikuwa na kidonda. Miaka ile mtandao ulipoingia ofisini, aliushika kama alivyoshika karatasi. Mkata magazeti mzuri hupunguza kingo, kipande kikae safi kwenye jalada, kisha tarehe huandikwa kwa kalamu. Basi naye akawa anabofya kitufe cha kusafisha, kile kinachoondoa kila kitu na kubakiza maneno matupu, na tarehe akawa anaijaza baadaye, akikumbuka. Alisafisha kurasa mia nane hivyo, akijiona hodari. Kisha akaja mwalimu mmoja aliyesimamishwa kazi, akiomba tangazo lililokuwa limemsafisha jina kabla halijaondolewa mtandaoni. Akapewa. Akarudi baada ya siku mbili na karatasi ileile, akamweleza kwamba wakubwa wake wamemcheka, kwamba maneno matupu bila tarehe wala kichwa hata wao wangeweza kuyachapa. Mwalimu hakumlaumu. Hilo ndilo lililomwuma zaidi, na mpaka leo hajajisamehe.

Kwa hiyo alizijaribu programu zile kwa namna yake, ambayo haikuandikwa kwenye kitabu chochote cha maelekezo. Alikuwa ameshajua kwamba ofisi huweka mambo mtandaoni Ijumaa alasiri, watu wakiwa wanawaza kwenda nyumbani, na huyarekebisha Jumatatu asubuhi, simu za wakubwa zikishapigwa. Ijumaa saa tisa na nusu alichagua kurasa arobaini, akahifadhi kila moja kwa programu zote tatu, na kwa haki akachanganya humo kurasa tano za gazeti lao wenyewe. Kisha akafunga, akaenda zake nyumbani kufua.

Jumatatu alizifungua moja moja, miwani puani. Kwa Bibi Harusi picha arobaini zilikuwa zinameremeta, lakini kurasa tisa zilikuwa zimeota mbawa, na nne zilikuwa zimebadilika bila kusema zimebadilika. Baba Mwenye Nyumba alikuwa nazo zote, ila ilipofika saa sita alitoa tangazo kwamba muda wa majaribio umekwisha, akafunga mlango na vitu ndani. Punda alikuwa amesimama palepale na mzigo wake wote arobaini.

Katika zile kurasa nne zilizobadilika, moja ilikuwa ya kwao. Ilikuwa habari ya zahanati moja mjini, ambako wiki kadhaa nyuma tangi la maji lilianguka kutoka juu ya paa na kumvunja nyonga mwanamke anayefanya usafi pale. Ijumaa habari ilisema kwamba gazeti limeiona barua ya muuguzi mkuu, iliyomwonya mkandarasi miezi mitatu kabla kwamba nguzo za tangi zimepasuka. Jumatatu sentensi hiyo haikuwepo. Mahali pake paliandikwa kwamba chanzo cha ajali hakijafahamika.

Mama Mkasi alisoma mara tatu. Alishikwa na hasira, na pamoja na hasira akashikwa na woga, maana sasa alielewa kwa nini penseli ilimpenda sana Bibi Harusi. Programu isiyobaki na kitu ingelifaa sana gazeti lililoanza kubadilisha maneno yake Jumatatu. Alifuta alama za penseli kwa kifutio, akajaza zake kwa wino, na chini akaandika sababu, mistari sita. Akaipeleka fomu ghorofani mwenyewe.

Fomu ilikuwa bado haijajibiwa Jumanne, fundi viatu alipoingia. Ni jirani wa siku nyingi, anashona viatu chini ya ngazi za jengo la pili, na Mama Mkasi hajawahi kuvaa kiatu ambacho hakikupita mikononi mwake. Ndipo alipojua kwamba yule mwanamke wa zahanati ni mke wake. Fundi alieleza taratibu. Alhamisi kuna kikao cha madai. Mkandarasi anasema hakuonywa na mtu, muuguzi mkuu amehamishiwa mbali na hapokei simu, na zahanati inasema haijui barua yoyote. Mkewe aliisoma ile habari Ijumaa akiwa kitandani, kwa simu ya mgonjwa wa jirani. Jana walipoitafuta hawakuona barua yoyote ikitajwa ndani yake, na sasa watu wanamwambia ni dawa za maumivu zilizomfanya aote.

"Mama, mimi sitaki maneno mengi," fundi alisema. "Nataka kujua kama mke wangu aliota."

"Hakuota," Mama Mkasi akajibu. "Jaza fomu."

Alichapa ukurasa wote, karatasi nne, na tangazo la sabuni na saa yake: Ijumaa, saa tisa na dakika arobaini alasiri. Alikuwa anatafuta kidau cha wino Mhariri alipoingia. Huenda alikuja kwa ajili ya fomu ya programu, huenda mtu alimnong'oneza. Aliona kichwa cha habari juu ya meza, akabadilika uso. Alimwita Mama pembeni, akaanza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa: kwamba anamheshimu kama mzazi, kwamba si yeye aliyeiondoa ile sentensi kwa kupenda, mwanasheria wa mkandarasi aliwapigia wenye gazeti, nao wakampigia yeye. Kwamba tayari ameshaagiza ile kompyuta kuukuu ichukuliwe Ijumaa. Nakala ile isitoke.

Mama Mkasi hakukaa pembeni. Alirudi mezani, ili fundi naye asikie, akaupiga muhuri kwenye kila karatasi, mara nne, polepole.

"Ile barua mliiona au hamkuiona?" akauliza.

Mhariri alisema hilo silo suala.

"Mwanangu, mimi nilikufundisha kazi hii. Uliiona barua, ukaandika umeiona, na ulifanya vizuri. Mimi nimetunza ulichokiandika. Sasa unaniomba nikusaidie kuogopa, na mimi hilo sijui kulifanya."

Mhariri akasema, kwa sauti ya chini, kwamba gazeti litaikana nakala hiyo kwa barua, na mtunza maktaba atakuwa amemwaga unga wake mwenyewe kwa mikono yake. Hakuonekana kufurahia maneno yake. Mama Mkasi alitia sahihi, akaandika tarehe, akamkabidhi fundi viatu karatasi zote nne na kumwambia azibane chini ya shati, nje kulikuwa na manyunyu. Fundi akashika mkono wa yule mama kwa mikono yake yote miwili, yenye rangi nyeusi ya kiwi kwenye kucha, akatoka.

Usiku huo mumewe alimwuliza kama amepata wazimu. Mwaka mmoja tu ulibaki, na angeweza kujitia hamnazo kama wengine. Hakumjibu kwa ukali. Alisema anaogopa sana, lakini mwalimu yule alimfanya aogope zaidi, tena kwa miaka mingi. Mumewe akamwuliza kikao ni saa ngapi.

Alhamisi kikao kilifanyika kwenye chumba chenye feni mbovu na viti vya plastiki. Mke wa fundi alikuja kwa mkongojo, akakalishwa mbele. Karatasi zilipotolewa, mwanasheria wa mkandarasi hakushtuka. Alikuwa na barua yake mkobani, ya gazeti, iliyosema kwamba nakala zile si za gazeti, hazijulikani zilikotoka, na kwamba zama hizi mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kutengeneza ukurasa anaoutaka. Aliisoma kwa sauti nzuri. Mke wa fundi aliinamisha kichwa, fundi akaanza kuvikunja vidole vyake kimoja kimoja.

Mwenyekiti alizigeuza karatasi, akauliza sahihi hii kwenye muhuri ni ya nani.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, mwanamke mmoja mzee alisimama. Akashika kiti cha mbele yake, na mumewe akamshikia mkoba.

"Ni yangu," alisema.

Mwanasheria alitaka kujua yeye ni nani na anafanya kazi wapi.

"Maktaba ya gazeti hilohilo lililoandika barua uliyoishika. Mpaka leo asubuhi. Ukurasa huo niliuhifadhi mwenyewe, mzima, na nakala nyingine ninayo hapa kwenye mkoba. Niulizeni."