Siku Baba Alipoketi Nyuma

Sisi tuliokulia Eldoret wakati simu ilipigwa kwa kupanga foleni nje ya posta, barabara tuliijua kwa makalio. Hukuhitaji kuchungulia dirishani ili ujue mmefika wapi. Njia ya kwenda kwa shosho wetu, Ainabkoi, niliikariri hivyo: hapa lami inaisha, hapa kuna kalavati, lile daraja dogo la mtaro, hapa ndipo dada yangu Wambui huuma ulimi.

Siku hizi gari likigonga kidogo tu, kijana wangu huchomeka kamtambo fulani chini ya usukani, anatazama simu, kisha ananitangazia ugonjwa kwa sauti ya daktari bingwa. Spana hajawahi kuishika. Nikimwambia kwamba enzi zetu kazi ya huo mtambo tuliifanya sisi watoto, anacheka, anadhani natia chumvi.

Gari la Baba lilikuwa la kijani, refu, la kupanda milima, na lilikuja kwetu likiwa tayari limezeeka. Baba alikuwa na duka la viazi mjini. Jumatatu hadi Jumamosi gari lilibeba magunia kutoka Ainabkoi, na Jumapili lilitubeba sisi kwenda kumwona Shosho, mama yake. Baba na Mama walikaa mbele. Mimi na Wambui tulikaa nyuma, kwenye mabenchi mawili yanayotazamana, katikati ya vumbi na harufu ya udongo wa viazi. Hata leo nikiikuta harufu hiyo sokoni nasimama kidogo niinuse.

Tulilipenda gari hilo jinsi watoto wanavyopenda kila kinachowatesa. Tulikuwa na mchezo wa kutoa sauti moja ndefu, aaaa, tukaiacha barabara iikatekate mpaka itoke kama ya mbuzi. Aliyecheka kwanza alimpa mwenzake nusu ya hindi lake la kuchoma. Kazi ya shule niliyoiandikia humo, mwalimu aliitambua kabla ya kusoma jina. Aliniuliza kama niliandika nikiwa nimepanda ng'ombe. Mama alitushonea mito ya magunia ya mbolea, akaijaza manyoya ya kondoo, ikasaidia wiki mbili hivi kabla haijawa bapa kama chapati.

Tukilalamika, Baba alikuwa na jibu moja. "Hii gari haina shida. Nyinyi ndio mmezoea raha."

Na kwa upande wake alisema kweli. Yeye alilijua gari likiwa na magunia kumi na mawili nyuma, na likishiba viazi lilitembea kwa adabu zake zote. Likiwa tupu ndipo liliporukaruka kama ndama aliyefunguliwa, na siku hizo Baba alikuwa mbele, kwenye kiti kinene, ameshika usukani.

Kisha kukaja mambo ya harusi. Shangazi Wanjiku, kitinda mimba wa Shosho, alipata mchumba, na harusi ikapangwa kanisani mjini. Mwezi mmoja kabla, Baba alimleta Shosho kwetu kwa mashauri. Shosho hakupenda kuketi mbele, alisema anaona barabara ikimjia, kwa hiyo alikaa nyuma na sisi. Penye kalavati gari liliruka, Shosho akaruka nalo, ila hawakutua pamoja. Alilala kwetu siku nne akikandwa mgongo kwa maji moto.

"Kamau," alimwambia Baba siku ya tano, "mimi hiyo gari yako siingii tena, labda tu ya kunirudisha, na nitalala chini. Hiyo harusi mtaniletea picha."

Upande wa bwana harusi, watu wa Elgon View wenye magari laini, walisikia habari hizo wakasema wao watamfuata mama. Walisema kwa wema kabisa. Lakini kwetu kifungua mimba, na huyo alikuwa Baba, ndiye humpeleka mama yake kwenye harusi ya binti yake, na mama kuletwa na wakwe ni kama kutangaza kanisani kwamba hakuzaa. Baba aliwashukuru, akawaambia gari lipo. Zikabaki wiki tatu. Asubuhi nilimwona akilizunguka gari na kikombe cha chai mkononi, akipiga tairi teke, na nikamwonea huruma. Kumwonea Baba huruma kulikuwa jambo geni kwangu.

Alianza kwa kubadilisha shokabu zote nne, zile za kumeza mitikisiko, akaweka mpya kabisa. Akatupakia mimi na Wambui nyuma, akatuzungusha mtaani. "Sasa iko aje?" akauliza. Wambui alifungua mdomo kujibu, akauma ulimi.

Ndipo akalipeleka, sisi tukiwa bado nyuma, kwa Fundi Omondi, mzee mwembamba wa kutoka pande za ziwa, aliyekuwa na gereji ya mabati nyuma ya soko. Fundi Omondi alisikiliza habari za Shosho na harusi, wala hakufungua hata boneti. Alipanda juu ya bampa ya nyuma akaruka mara mbili, na gari halikunesa hata kidogo. Akabonyeza tairi kwa kidole gumba, akaguna. Kisha akaingia chini na tochi, akaanza kuhesabu, nasi tukahesabu naye kwa sauti kama tuko darasani. Springi za nyuma zilikuwa vyuma virefu vilivyolaliana, kimoja juu ya kingine. Kila msimu wa viazi Baba alikuwa amemwomba fundi fulani wa njiani amwongezee kimoja kila upande, ili gari libebe gunia moja zaidi. Mafundi hao hawakujuana, na Baba mwenyewe hakuwahi kujumlisha.

"Mzee," Fundi Omondi alisema akijifuta mikono, "hii gari si mgonjwa. Hii ni lori, imevalishwa tu bodi ya familia. Hata huu upepo umejaza kwa tairi ni wa lori."

"Lakini mimi ndio naiendesha kila siku. Sijawahi sikia kitu."

"Sawa. Nipe funguo. Wewe ukae huko nyuma na watoto."

Baba alisitasita, kisha akaingia, akaketi akiwa amenyooka kama mzee wa kanisa. Fundi Omondi aliendesha kwa furaha ambayo sikuielewa wakati huo. Shimo la kwanza, kofia ya Baba ikagonga paa. La pili, akashika benchi kwa mikono miwili. La tatu likamtoa ile aaaa yetu, sauti ileile ya mbuzi, na mimi na Wambui tukaziba midomo kwa viganja. Nilidhani atamfokea fundi. Badala yake alitutazama, akaitazama mito ya magunia tuliyoikalia.

"Kila Jumapili?" akauliza polepole.

"Kila Jumapili," nikamjibu.

Tuliporudi gereji, Fundi Omondi hakumficha kitu. Vyuma vikitoka, gari halitabeba tena magunia kumi na mawili, labda saba. Na viazi vya msimu vilikuwa tayari vimechimbwa, vinamngoja Ainabkoi. "Ni viazi ama ni mama yako," alisema. "Zote mbili hii gari haiwezi."

Baba aliivua kofia, akainyoosha ilipobonyea. "Toa," akasema.

Vikatoka vyuma vitatu kila upande. Fundi akabadilisha bushi za mpira zilizokuwa zimelika, akapunguza upepo wa tairi. Tangu siku hiyo Baba alifanya safari mbili pale alipozoea kufanya moja, akawa anakosa chakula cha mchana nyumbani, na sikumsikia akinung'unika hata mara moja.

Asubuhi ya harusi tulimkuta Shosho amesimama langoni na kitambaa kipya kichwani, akilitazama gari kama ng'ombe aliyewahi kumpiga teke.

"Mama, nimekaa huko nyuma mimi mwenyewe," Baba alimwambia. "Ingia."

Aliingia akatushika mimi na Wambui vifundo vya mikono, kwa nguvu. Baba aliendesha taratibu mpaka baiskeli ya maziwa ikatupita. Kila penye shimo aliuliza bila kugeuka, "Huko nyuma mko aje?" Baada ya kalavati hakujibiwa. Shosho alikuwa amelala, kichwa begani mwangu, mkono wake umeniachilia.

Kanisani kwaya ilikuwa imeshaanza. Mama alitaka kumwamsha, Baba akamzuia. Wakaja wakwe kuuliza, akaweka kidole mdomoni. Akaja Shangazi Wanjiku mwenyewe na shela yake, akachungulia dirishani, akacheka huku akilia, kisha akaegemea gari kando ya Baba, wakangoja. Hakuna aliyeangalia saa.

Leo naendesha gari lisilosikia shimo. Wanangu huketi nyuma wameziba masikio kwa vile vifaa vyao, na tunafika Ainabkoi bila mtu kutikisika wala kusema neno. Ni raha, na mgongo wangu unashukuru. Lakini juzi, tukiwa njiani, nilikumbuka kwamba tangu nilinunue sijawahi kuuliza huko nyuma wako aje. Nikauliza. Kijana wangu akatoa kifaa sikioni, akainama mbele na wasiwasi.

"Mum, kwani gari imeharibika?"