Mzigo Uko Njiani

Nilimwambia mfiwa kwamba mzigo wake uko njiani. Nalisema hili mapema, nisije nikatafuta pa kulificha huko mbele. Jirani yangu hapa Ujiji, mama anayeuza mawese mlango wa pili kutoka kwangu, alikuwa amefiwa na dada yake huko Mwamgongo, na mwili ulikuwa unaletwa kwa boti hadi Kibirizi. Tumekaa mkekani tunasubiri. Nikamshika mkono nimpe pole, mdomo ukajisemea wenyewe: "Usiwe na wasiwasi mama, mzigo wako uko njiani."

Mkeka mzima ukanigeukia. Mke wangu akaanza kukagua kucha zake.

Sikuwa nimelewa, nilikuwa nimetoka kazini. Napokea simu kwenye kampuni ya boti za mizigo, na sentensi hiyo naisema kutwa nzima. Dumu la mawese liko njiani, gunia la dagaa liko njiani, hata lile nisilojua kama lilipakiwa. Wengine hunitukana kwa Kiha wakidhani sielewi. Naelewa, tena vizuri kuliko ningependa. Nikifika nyumbani nilikuwa najitupa kwenye kochi hadi saa ya kulala, na mke wangu akiniuliza jambo namjibu kwamba linashughulikiwa.

Baada ya msiba ule nilikuwa namwamkia jirani kila asubuhi. Zamani "Shikamoo mama" yangu ilijibiwa kwa marahaba ndefu, maswali kuhusu watoto, na neno moja au mawili kuhusu kitambi changu. Sasa nikawa napata "mm." Wiki tatu za "mm." Nikaanza kupita njia ya nyuma, kwenye matope, mtu mzima na viatu vya ofisi.

Ijumaa moja akaja mlangoni. Nilikuwa kochini, makao yangu makuu.

"Kesho unafanya kazi?"

"Hapana mama, kesho napumzika."

"Unapumzikia nini, wakati umelala tangu ulipooa? Saa mbili uwe zahanati. Tunapima watoto, na aliyekuwa anashika mzani anaumwa mgongo."

Alikuwa anajitolea pale siku nyingi, na mimi sikuwahi kujua. Nilikwenda kwa sababu moja tu: nilitaka marahaba yangu irudi.

Mzani unaning'inizwa kwenye boriti ya baraza. Mtoto anavishwa kitu kama kaptula yenye mikanda, ananing'inia, analia, nawe unasoma uzito kwa sauti ili muuguzi aandike kwenye kadi. Mtoto wa kwanza niliyempima alinikojolea kuanzia kifuani hadi viatuni. Jirani, aliyekuwa anapanga foleni, akasema bila hata kugeuka, "Huyo mzigo wake umefika." Foleni nzima ikacheka. Nikacheka na mimi, na njiani kurudi nikagundua kwamba asubuhi yote sikuwa nimeikumbuka simu ya ofisi.

Jumamosi ya tatu alikuja mama mmoja kijana, wa familia iliyotoka Burundi, na mtoto ambaye uzito wake haukuwa umesogea tangu mwezi uliopita. "Usiwe na wa..." nikaanza. Jirani akanitazama juu ya vichwa vya watu. Nikafunga mdomo, kisha nikauliza, "Nyumbani anakulaje?"

Akanieleza. Uji anautapika, nyonyo haitaki, mama mkwe anamlaumu yeye. Ilichukua muda, nami nimempakata mtoto, foleni inanung'unika. Sikuwa na dawa. Nilimwita muuguzi tu, akawaingiza ndani.

Jumatatu mtu akapiga simu akifoka kuhusu madumu yake. Nikamuuliza ni ya nini. Akasema ni ya harusi ya binti yake. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui yako wapi, nitaulizia nimpigie. Nilimpigia. Alinitukana bado, lakini nusu ya kawaida.

Kazi haijabadilika, simu zinaita vilevile. Ila siku hizi nikirudi nakaa kwanza uani na mke wangu tukichambua dagaa, na swali lake nalijibu siku ileile. Mimi na kochi tumebaki kusalimiana kwa heshima. Marahaba nayo ilirudi, fupi, bila habari za kitambi.

Jumamosi iliyopita yule mtoto alipanda mzani, na mshale ukasogea. Niliusoma uzito ule mara mbili, muuguzi akaniambia amesikia. Tukirudi nyumbani, mimi na jirani, nikaona leo ndiyo siku ya kuuliza.

"Mama, lile neno langu la msibani umeshanisamehe?"

Akahamisha kikapu mkono wa pili.

"Siku nikifa mimi, usiseme chochote. Njoo ushike jeneza."