Ijumaa Ambayo Kipara Hakuwashwa

Nakumbuka Ijumaa moja ambayo sikuinuka mkekani tangu wanaume waliporudi kutoka msikitini mpaka walipomaliza kula, na wageni wakaniona mwanamke mvivu asiye na adabu. Keti, mwanangu. Hicho unachokitafuta tangu asubuhi kitapatikana. Chai ipo, na Jumamosi yako bado haijafika.

Babu yako Hamadi, kabla hajawa babu wa mtu yeyote, alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja. Alipakia viazi Kanama na maharage Mahoko, akavishusha hapa Gisenyi. Alichoka kupanda mlima kwenye moshi wa malori ya wenzake. Basi akaokota fremu ya gari dogo lililotupwa kwenye shamba la Mzungu, akaamua kulitia injini ya lori, liwe jepesi na lenye nguvu, lipite kila mtu pale mlimani. Injini ilikuwa kubwa kupita kiasi. Kifuniko hakikuweza kufungika juu yake, ikabaki wazi kama kichwa kilichonyolewa, na mtaa mzima ukaliita gari letu Kipara.

Injini hiyo tuliipata kwa kubadilishana na cherehani yangu. Hamadi hakuninyang'anya, usimfikirie vibaya. Niliitoa mwenyewe, kwa kuwa nami nilikuwa kijana na nilitamani kuonekana nimekaa ndani ya Kipara, kitambaa kikipepea kichwani. Lakini cherehani ilipoondoka nyumbani, kila nilichokuwa nacho kilikuwa ndani ya chuma kile. Kingekufa, Hamadi angerudi kuendesha lori la tajiri maisha yake yote, nami ningeshona kwa sindano ya mkono huku nimembeba mama yako Asha.

Sasa sikiliza desturi yetu ya wakati ule. Katika mtaa wetu wa Waislamu hapa mjini, mtu hakufungua duka wala kuwasha gari jipya bila kusomewa dua. Watu wanaalikwa, wanakula, dua inasomwa, na kitu kinaanza kazi palepale mbele yao. Desturi nzuri sana. Ubaya ni kwamba ukishatangaza siku msikitini, kuirudisha nyuma ni aibu. Hamadi aliitangaza siku yake injini ikiwa bado haijafungwa vizuri kwenye fremu. Alihesabu kwa furaha, hakuhesabu kwa kazi.

Alhamisi, ule mrija mwembamba wa shaba uliopeleka oili juu ya injini ukapasuka mkononi mwake. Mtu wa kuuchomelea alikuwa Goma, na alisema uletwe Jumatatu. Hamadi akautia kwenye beseni langu la mafuta ya taa, na mahali pake kwenye injini akaziba kwa kijiti na kitambaa. Nilimuuliza oili itapandaje.

"Haitapanda," akasema. "Nitawasha dakika moja tu. Wasikie sauti, nazima."

"Na wakisema ongeza?"

"Mama Asha, donc, kumbe ni wewe fundi sasa? Watu wametoka Goma, Baba Mukubwa Shabani iko njiani. Nitawaambia nini? Mrija iko kwenye beseni ya bibi yangu?"

Nilikuwa nimeishi naye muda wa kutosha kujua kwamba dakika moja ya Hamadi, watu wakimpigia makofi, haina mwisho. Angekanyaga mafuta mpaka chuma kilichokauka kisagane na chuma na injini ishikane, isizunguke tena. Usiku mzima nilimchukia kidogo, nakuambia ukweli, na nilimpenda pia, na vitu hivyo viwili havikuniacha nipate usingizi.

Ijumaa uwanja ulijaa. Kipara alikuwa katikati, amepakwa rangi nyekundu upande mmoja tu kwa sababu rangi iliisha. Gari lile halikuwa na betri. Liliwashwa kwa manivela, kile chuma kilichopinda kama kiwiko ambacho unakichomeka mbele ya injini na kukizungusha kwa nguvu. Manivela ilikuwa imelala kwenye ubaraza, karibu na mkeka wa wanawake. Nilipita nayo chini ya kanga. Nikaiweka mkekani, nikakaa juu yake, nikamweka Asha kifuani anyonye.

Mwalimu akasoma dua. Nikaitikia amina na wenzangu, na chuma kikinichoma paja. Baba Mukubwa Shabani, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Hamadi, alikuwa kwenye kiti mbele kabisa, fimbo magotini. Watoto walikuwa wameshapanda juu ya matairi. Kisha Hamadi akaenda ubarazani, akainama, akatazama huku na huku. Akaangalia ndani ya gari. Akaangalia chini ya gari. Jasho likaanza kumtoka.

"Inakosekana nini?" Baba Mukubwa akauliza.

"Manivela, Baba. Nilikuwa nayo sasa hivi."

Watu wakaanza kutafuta. Wanawake wakanyanyuka mmoja mmoja na kukung'uta mikeka yao, mpaka nikabaki peke yangu. Hamadi akasimama mbele yangu. Hakuuliza. Nilimwona akijua.

"Mama Asha, inuka," akasema polepole.

"Mutoto ananyonya."

"Inuka, nimesema."

"Siwezi kuinuka, Baba Asha."

Angeweza kunivuta mkono. Angeweza kunipa talaka mbele ya mwalimu, na wapo wanaume waliotoa talaka kwa dogo kuliko hilo. Asha akaacha ziwa na kunitazama. Sikuwa shujaa, mwanangu. Kama angesema mara ya tatu, sijui ningefanya nini.

Hapo mamamkwe wangu akatoka jikoni, mikono ina unga. Alimtazama mwanawe, akanitazama mimi, akatazama mkeka ulivyovimba upande mmoja. Akaja akaketi kando yangu, akanibana kabisa, mpaka ule uvimbe ukafunikwa na kanga yake.

"Bon," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Dua imesomwa, muchele iko tayari. Mimi ndiye nimeficha hiyo manivela. Gari haijaisha, na mutoto wangu anaogopa kuwaambia. Mukule. Siku gari itaisha, mutaisikia kutoka kwenu huko Goma bila kuitwa."

Mtu mmoja akacheka. Mwingine akasema Kipara ni gari la maneno, na jina hilo lilimfuata Hamadi sokoni kwa wiki kadhaa. Baba Mukubwa akagonga fimbo chini, akasema, "Muchele inapoa," na watu wakaenda kula. Hamadi hakula.

Asubuhi mama yake alituita wote wawili. Nilifikiri nitasifiwa. Kwanza alimgeukia mwanawe: "We ulitengeneza gari, ao ulitengeneza sherehe? Aliyekupa siku ni injini, ao ni watu?" Halafu akanigeukia mimi: "Na we mukwe wangu, siku ingine ukiona kitu iko mubaya, uje useme na mimi kabla watu hawajafika. Kinywa unacho. Jana kama sikutoka jikoni, ungekalia chuma mpaka lini?" Maneno yale yaliniuma kuliko ile manivela, kwa sababu yalikuwa kweli.

Mrija ulirudi kutoka Goma. Hamadi akaufunga, akatoa plagi zote ili isiwake, akazungusha injini kwa mkono, taratibu, mimi nikichungulia juu mpaka nikaona oili inapanda na kulowesha vyuma. Ndipo akarudisha plagi. Uwanjani tulikuwa sisi wawili, mamamkwe wangu na mama yako. Akazungusha tena, na Kipara akanguruma mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta. Nililia. Na papo hapo nikaona maji yanamwagika chini ya pampu, nikapiga kelele, naye akazima mara moja. Alizima, mwanangu, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumfurahisha. Akakaza, akajaribu tena, na Kipara alipanda mlima wa Kanama na viazi miaka mingi. Cherehani nyingine ilinunuliwa kwa viazi hivyo.

Jana nilikusikia kwenye simu. Uliwaambia rafiki zako waje Jumamosi na kamera zao, kwamba pampu ya maji ya gari unalolitengeneza bado haijafungwa, lakini mtawasha kidogo tu. Dakika moja, ulisema. Nilidhani babu yako amefufuka.

Basi nasaha yangu ni hii. Usisubiri gari lipakwe rangi na kufunikwa ndipo uwashe. Liwashe likiwa wazi, uone linapovuja. Lakini usiliwashe kabla oili na maji havijawa mahali pake, na siku ya kwanza usiite mtu ambaye utaona aibu kuzima mbele yake. Wageni waje siku ya pili. Na ukiwa na mtu nyumbani anayekuuliza oili itapandaje, mjibu. Usimuulize kama ni fundi.

Mungu akutie nguvu mikononi na utulivu kichwani, akufikishe kila mlima unaoupanda, na akurudishe nyumbani salama. Sasa piga simu, waambie rafiki zako gari halijaisha. Ukimaliza, njoo unishike mkono niinuke. Ufunguo wako nimeukalia tangu alfajiri, na mifupa yangu si ile ya zamani.