Gome Lililopumua

Msellem alimwacha dada yake aitwe mchawi, na ukweli alikuwa nao kinywani. Hakuna aliyemziba mdomo. Alikaa juu ya jamvi, watu wamemzunguka, akaulizwa swali jepesi, akasema hakumbuki.

Dada huyo ni Mwanawema wa Wawi, mwanamke wa makamo aliyeachika na kurudi kwao bila mtoto. Katika nyumba waliyoachiwa na baba yao, vyumba vya mbele anakaa Msellem na mkewe Asya, na Mwanawema ana chumba cha uani. Nyuma ya nyumba ipo mikarafuu yao, na mkubwa kuliko yote ni ule wa kisimani. Skuli Mwanawema hakupelekwa. Tangu mdogo alipelekwa chini ya mikarafuu, kuokota zilizodondoka na kuzichambua kutoka kwenye makonyo yake, na huko ndiko macho yake yalikofunguka.

Mama yao alimwonyesha kwamba mti una wakazi wasiotaka kujulikana. Nondo akitandaza mbawa juu ya shina, utamdhania ni doa la ukungu. Yuko mdudu mwembamba mfano wa kijiti, akisikia nyayo zako hujinyoosha akawa kijiti kweli. Na wako viwavi, hao ndio wa kuogopwa. Wana rangi ya gome lenyewe, kijivu chenye madoa ya kutu. Mchana hulala wamejibana na tawi, nywele za ubavuni wamezilaza juu ya gome, hata kivuli hawana. Mkono ukiwagusa ni moto.

"Usimtafute mdudu," mama alikuwa akimwambia. "Litafute gome linalopumua."

Msellem naye alikuwepo siku hizo, lakini alikuwa mwanamume, na mwanamume kazi yake kupanda. Kutazama aliachiwa dada yake.

Msimu uliopita mikarafuu ilibeba mpaka matawi yakainama. Asubuhi moja Msellem alijifunga kamba kiunoni apande mti wa kisimani. Wanawake walikuwa ukumbini, upande wa nyuma, wakichambua karafuu za jana yake, na ndani ya rundo, kati ya majani mabichi, alitulia vunjajungu wa kijani. Hija, jirani yao, nusura amshike.

"We Hija! Mguse uone," Mwanawema alimwambia. "Leo chungu chako hakifiki jioni."

"Kheri kivunjike. Nimeuchoka mchuzi wangu mwenyewe."

"Na mumeo je?"

"Yeye aliuchoka zamani, anaona haya kusema tu."

Wakacheka wote, isipokuwa Asya. "Lakini wifi," alisema, "kila mdudu weye wamwona kabla ya watu. Macho gani hayo?"

Mwanawema aliacha kuchambua. Alikuwa akiutazama mti. Upepo haukuwepo, jani halikutikisika, na bado lile tawi nene lililoelekea kisimani lilikuwa na jambo. Gome lake lilipanda na kushuka kidogo kidogo, kama ubavu wa paka aliyelala. Akainuka, akaenda mpaka chini ya mti.

"Msellem, tawi hilo usilikumbatie. Lina viwavi."

"Wapi?"

"Hapo. Wamelala safu." Akanyoosha kidole.

Msellem akakaza macho. "Hilo gome, dada."

"Si gome."

"Ntu mzima waogopa nti!" Alicheka, akatemea viganja vyake mate. "Basi wakinila, nizikeni papa hapa kisimani, msihangaike."

Akapanda. Maneno hayo waliyasikia wao wawili tu. Ukumbini hayakufika. Kilichofika ukumbini ni kile ambacho Asya alikiona: wifi yake chini ya mti, midomo inacheza, kidole kimeelekezwa juu.

Mwanawema hakuwa amerudi kukaa pale Msellem alipolifikia lile tawi. Alilizungushia mkono mzima, kama wachumaji wafanyavyo wanapotaka kuegemea. Akapiga ukelele mmoja, akaachia, akaja na vikonyo na majani mpaka chini.

Hakufa. Mguu ulivunjika, nyonga ikateguka. Lakini watu hawakuutazama mguu, waliutazama mkono. Kuanzia kiwiko mpaka kwapani ngozi ilikuwa imetutumka mistari myekundu minene, imepangana. Aliyeiona hakuhitaji kuambiwa inafanana na nini. Ilikuwa kama vidole.

"Ameshikwa," mtu mmoja akasema nyuma, kwa sauti ndogo.

Nyange, kaka yake Asya, akapanda kwenda kuangalia. Alikaa juu kitambo, akalitazama tawi juu na chini. "Hakuna kitu," alisema aliposhuka. "Gome tupu."

"Umewatazama na hukuwaona," Mwanawema akamwambia. "Rudi, utie kijiti, uwaguse."

Nyange alirudi nyuma. "Nirudi, ili uninyooshee kidole na mie?"

Tangu saa ile mambo yakabadilika. Asya alilia na kusema, na kila alipolisema neno lilizidi kukua. Kwanza wifi alinyoosha kidole. Kisha alinyoosha kidole akanong'ona. Mwisho ikawa alinong'ona, gome likageuka mkono. Hija aliyekuwa akicheka ukumbini alianza kupita njia ya mbali. Wanawake kisimani wakimwona Mwanawema walinyamaza, wakasimama bila kutikisika na ndoo zao, mpaka apite. Yeye macho yake yalizoea kuona vilivyojificha, na sasa aliona kila kitu: pazia lililoshikiliwa kwa ndani, mama anayemfunika mwanawe uso kwa kanga.

Ni Mwanawema mwenyewe aliyemtaka Shehe Ngwali aje asome Halbadiri. Anayejua dua hiyo anajua haichezewi. Ikisomwa, humwendea mwongo popote alipo, na mtu mwenye hatia haiombi. Watu walikuja uani, wakakaa. Msellem alibebwa akalazwa kwenye jamvi.

Shehe Ngwali, mzee wa maneno machache, hakufungua kitabu. "Kabla sijasoma," alisema, "Msellem, nakuuliza weye. Dada yako alikwambia nini chini ya mti?"

Mwanawema akashusha pumzi. Hilo ndilo swali alilolingoja. Kaka yake angesema, watu wangeinuka, kesho angeteka maji kama watu.

Msellem alimtazama dada yake. Kisha akamtazama mkewe, akawatazama wanaume wenziwe wachumaji waliokaa karibu na ukuta. Ilimpasa aseme mbele yao kwamba alionywa na mwanamke, akacheka, akalikumbatia lile lile aliloambiwa asiliguse.

"Sikumbuki," alisema.

"Wakumbuka!" Mwanawema alisema. "Ulisema tukuzike kisimani. Msellem! Nani angeyatunga hayo?"

"Mmesikia?" Asya akadakia. "Anataja na kaburi!"

Shehe Ngwali akakiweka kitabu ndani ya mfuko wake. "Mie sisomi Halbadiri juu ya mtu asiyekumbuka. Itampata nani?" Akaaga, akaondoka. Mwanawema alibaki hakuhukumiwa na hakusafishwa, na hilo la pili ndilo lililokuja kuzoeleka.

Sasa mikarafuu imebeba tena. Msellem hapandi, anachechemea, na kwenye mkono makovu yamebaki meusi. Hushinda ukumbini. Mwanawema anachambua karafuu peke yake uani, na Asya amekwisha kusema waziwazi kwamba chumba kile kinahitajika.

Leo asubuhi Nyange alikuja kuuchuma mti wa kisimani. Mwanawema aliinua macho. Upepo haukuwepo. Safari hii hawakuwa kwenye tawi moja. Shina zima, kuanzia tawi la tatu kwenda juu, lilikuwa linapumua.

Alikwenda ukumbini, akasimama mbele ya kaka yake.

"Wamerudi. Wengi kuliko mwaka jana. Mie nikisema, nimemroga. Sema weye."

Msellem aliutazama mti. Mkono wake mzima ulikwenda wenyewe, ukayashika yale makovu.

"Mie sijaona kitu," alisema.

"Hukuona. Lakini wajua."

Pale chini ya mti Nyange alikuwa anakaza kamba kiunoni, na Asya alikuwa mlangoni anamtazama mumewe na wifi yake.

"Nyange!" Mwanawema akaita, kwa kuwa hakuweza kutoita. "Usipande! Wako viwavi!"

Nyange aligeuka. Alipoona ni yeye, alijitemea mate kifuani kujikinga, akashika tawi la kwanza upesi upesi, kama mtu anayekimbia jambo lililoko chini.

Msellem bado amekaa. Anadaiwa neno. Mwaka jana alidaiwa na dada yake peke yake, akalizuia mbele ya Shehe na watu. Leo anadaiwa na Nyange pia, naye Nyange amekwisha kulipita tawi la pili.