Mtani wetu alivyogoma kutoka kwenye kaburi la baba kwa sababu ya hela za mafuriko

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Hiki ninachoandika kilitokea nyumbani kwetu Lushoto, nilikuwepo, na sijatia chumvi hata punje. Mama yangu bado yupo hai. Nikidanganya atanichapa na uzee wake huohuo.

Ilikuwa miaka ya tisini. Biashara imefunguliwa, malori ya Dar yanapanda mpaka kijijini kwetu, juu ya Mlalo, kubeba kabichi na nyanya. Kila mtu akawa analima mpaka mguu unagusa maji. Mto wetu huku juu ni mwembamba tu, ila unashuka hadi Mnazi kule tambarare, unaendelea mpaka baharini.

Ikaja project. Wafadhili walikuwa wanatoa hela za kuwakinga watu wa pwani na wa bondeni, maana bahari inapanda na mito inafurika. Wakasema kujenga kingo huko chini peke yake ni kazi bure kama udongo unaendelea kuteremka kutoka juu. Basi na sisi tukapata fungu letu: tuache ukanda kando ya mto, tupande miti, wenye mashamba walipwe fidia.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa baba yangu. Tulimwita Tate, kama Wasambaa wengi wanavyoita baba zao.

Fidia tulikula. Miche ilipofika, Tate akaipanda yote kando ya barabara, pale magari ya wageni yanapopita! Wageni wakaja, wakapiga picha, wakashukuru, wakaondoka. Mtoni kabichi zinanawiri kama kawaida. Kijiji kizima tulicheka, tukamwona mjanja kweli kweli.

Baada ya miaka michache Tate akafariki.

Sasa kwa msiojua mambo ya utani. Ukoo wetu una mtani, Mzee Salehe wa Mnazi. Kila msiba wetu alikuwa anapanda mlima, anavaa koti la marehemu, anaigiza alivyokuwa anatembea, watu wanalia huku wanacheka. Kaburi likishachimbwa anashuka, analala humo, hatoki mpaka wafiwa wamtupie chochote. Ni mchezo tu, mara moja yamekwisha.

Siku ya kumzika Tate alikuja kimya. Koti hakuvaa. Akashuka, akalala chali.

Kaka yangu mkubwa, Yona, akatupa noti. Salehe akazirusha juu. Yona akaongeza, zikarudi tena. Watu wakaangua kicheko.

"Mtani leo umekuwa ghali!" Yona akamtania.

"Sitaki hela. Hela za mto mlishakula," akajibu huko chini. "Nataka ule ukanda. Semeni hapa hapa, mbele ya maiti, kwamba mmeuacha."

Yona akabadilika uso. "Mzee Salehe, utani una mipaka. Pale ndipo wanangu wanapopata kula."

"Na mjukuu wangu Rehema alikuwa anakula. Si mnamjua? Mlimpa mapeasi hapa kwenye harusi. Maji yamembeba, Yona. Kwetu jua linawaka, tone hakuna, mvua imepiga huku kwenu. Nimemfukua kwenye tope kwa mikono hii. Tope lenyewe lina mizizi ya kabichi."

Wakuu, hatukuwa na habari kabisa kwamba Rehema amefariki. Mchungaji akafunga kitabu chake. Jeneza likabaki juu ya viti.

Vijana wakasogea wamtoe Salehe kwa nguvu, Yona mbele.

Mama alikuwa amekaa kando ya jeneza. Akasimama.

"Asimguse mtu! Salehe, toka mtani wangu. Hapa hatumziki." Akamgeukia Yona. "Nendeni mkachimbe kule mtoni, ukanda unapoanzia, katikati ya kabichi zako. Tuone nani atalima juu ya baba yake."

Nilidhani msiba umemchanganya. Wajomba wakambembeleza, akakataa. Yona akakaa chini kwenye udongo, akalia kwa sauti kama mtoto.

Salehe akatoka, akaomba jembe. Yeye ndiye aliyeng'oa kabichi ya kwanza, na Yona akainuka akang'oa ya pili.

Tate yuko pale mpaka leo. Yona hajagusa ukanda ule, na majirani nao wakaona aibu, mmoja mmoja wakarudi nyuma. Miti ya safari hii tuliinunua wenyewe.

Nilichojifunza: hela ya mradi tunaila kwa raha kwa sababu yule inayemkinga hatumjui. Sisi wetu tulikuwa tunamjua kwa jina, na bado tulikula.

Semeni wakuu, ungekuwa Yona ungekubali? Ila matusi kwa Tate mpunguze kidogo, ni baba yangu yule.