Bia Moto kwa Baba Mkwe

Siku hizi nikiingia baa Kitale na kuulizwa, "Moto ama baridi?" nachoka hata kabla ya kujibu. Majina ya bia ni mengi, na zote kwangu ni maji ya kuoshea sufuria. Labda ni uzee. Lakini niliwahi kunywa bia ya kwetu, najua ninachosema.

Ilikuwa bia ya huku magharibi tu. Chupa fupi, nene, lebo ya kijani iliyobanduka kwa jasho la mkono. Nairobi hawakuijua, nasi tulijidai kwa hilo. Baba mkwe wangu, mkulima wa mahindi kule Naitiri, hakunywa nyingine, na hakutaka iwe baridi. Alidai friji inaua ladha. Kila tulipoenda kumsalimia, mke wangu na mimi, nilibeba chupa kadhaa, naye akazianika juani kidogo kabla ya kufungua.

Mzee alikuwa mgumu. Chupa ya kwanza tuliinywa kimya, tukitazama kuku. Ya pili ilipofika katikati ndipo aliponigeukia, kila l ikiwa r mdomoni mwake. "Haya, mkwe. Reta maneno." Basi tungeongea hadi jua lishuke: mbolea, siasa, ukaidi wa binti yake utotoni. Baba yangu mzazi alizikwa nikiwa mdogo. Nusu ile ya chupa ya pili ndiyo iliyonipa baba.

Miaka ya elfu mbili ilipoanza, bia ile ikaadimika. Kiwanda kimefungwa, watu wakasema. Nilipeleka bia nyingine. Mzee akaonja, akaisukuma kando, tukatazama kuku kutwa nzima. Nikapeleka soda, ikawa vilevile. Niliogopa sana. Niliona nampoteza na yeye.

Nikaanza kuitafuta. Nikitoka kazini, miguu inauma, napita kila baa ya Kitale. Jumamosi naenda Moi's Bridge, Jumamosi nyingine Bungoma. Wahudumu walinicheka.

"Hiyo iliisha kitambo, bana. Si ukunywe hizi zingine?"

Nilichoka kuuliza, nikauliza tu. Mwishowe Singasinga mmoja mwenye duka la jumla Bungoma aliingia stoo, akatoka na chupa mbili zenye vumbi. Hakutaka hata kuniuzia.

"Chukua tu. Lakini hii si bia tena, ndugu yangu."

Sikumsikiliza. Mzee alizipokea kwa mikono miwili, akazianika, akangoja, akafungua moja. Haikutoa povu. Alipiga funda, akalishikilia mdomoni, akameza kwa adabu. Nami nikaonja. Siki tupu. Nilitaka kulia, mtu mzima mimi.

Alimwaga iliyobaki kwenye majani. "Umeitoa wapi?"

Nikamweleza yote, baa kwa baa, mpaka stoo ya Bungoma. Aliifuta chupa kwa kiganja.

"Kumbe ni mimi ulikuwa unatafutia hivyo," akasema. "Na mimi nirikuwa naogopa. Nirifikiri bira bia hutakuja tena."

Miezi yote ile tulikuwa tumekaa tukitazama kuku, kila mmoja akiogopa kumpoteza mwenzake.

Chupa ya pili hatukuifungua. Aliagiza chai, akageuza kiti chake kunielekea, tukaongea mpaka giza likaingia. Baada ya hapo tulivuna mahindi mara moja tu, kisha nikamzika baba wa pili.